Sauti Yangu Ndani ya Mashine

Lumemo, Ifakara
Tarehe 14 Julai, 1958

Kwa dada yangu mpendwa Verediana,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na wote wa nyumbani, na kifua chako kiwe kimepata nafuu katika baridi hii ya Mahenge. Sisi huku hatujambo. Maji yameshuka, watu wanamalizia kuvuna mpunga, na ndege hawatupi nafasi ya kupumzika. Mke wangu Yosefina anakusalimu sana. Ule ukindu uliompa ameshausuka mkeka, na anasema hatamruhusu mgeni yeyote kuukalia kabla yako.

Muda mrefu umepita bila kukuandikia, na sitasingizia kazi. Nilikuwa naona haya. Tafadhali isome barua hii ukiwa peke yako, na uisome mpaka mwisho hata kama katikati utataka kuitupa.

Unajua kwamba baada ya kuacha ukatekista nilikuwa nafunga vidonda katika zahanati. Mwaka jana bwana mkubwa wetu wa zahanati aliona ninavyozungumza na waliofiwa, akanipa chumba kidogo cha nyuma, niwe nakaa na wale ambao ugonjwa wao hauonekani kwa macho: asiyelala, asiyekula, anayelia bila kujua sababu. Watu walinisifu. Walisema Hermenegildi ana maneno ya kumtuliza hata aliyechanganyikiwa. Nami sifa hizo nilizipenda, dada, nilizipenda kupita kiasi.

Mwezi wa tano alikuja mgeni kutoka Ulaya, Daktari Viktor, mtu mpole mwenye Kiswahili cha kitabuni. Alitueleza kwamba homa ina kipimo chake na damu ina kipimo chake, lakini anayetibu kwa maneno hana wa kumpima. Mgonjwa akipona, hatujui ni neno gani lililomsaidia; asipopona, tunasema ugonjwa ulikuwa mzito. Yeye alikuwa anatengeneza kipimo cha kumpima mganga, si mgonjwa. Alikuja na mashine ya kunasa sauti, nzito kama debe la mpunga, yenye utepe unaozunguka, pamoja na karatasi zenye safu. Mgonjwa akikubali, mazungumzo yalinaswa, kisha kila nilichosema kilitiwa alama katika safu yake: ameuliza, amenyamaza akasikiliza, amefariji, ameshauri, amekemea, amemkatiza.

Kusikiliza kulihitaji watu wawili, kila mmoja peke yake, ndipo karatasi zao zilinganishwe. Zikipatana, kipimo kinafaa. Zikipishana, ama kipimo kina kasoro ama sikio la mmoja wao. Kwa kuwa wagonjwa wetu huchanganya Kiswahili na Kindamba na Kipogoro, Daktari alituchagua mimi na nesi Klementina, binti wa kijiji cha Mbingu. Hakupenda nijipime mwenyewe, lakini alikosa mwingine.

Mara ya kwanza kusikia sauti yangu nilicheka kama mjinga. Baadaye nikazoea, na mimi na Klementina tukawa tunapatana karibu kila mahali. Daktari alifurahi, akasema ataandika habari zetu wazisome wenzake huko kwao.

Halafu ukaja utepe wa mwanamke mmoja kijana kutoka Idete. Mumewe alimleta kwa baiskeli kwa sababu alikuwa hali chakula, hasemi, na jembe hashiki. Alikuwa amezaa wakati wa masika, na mtoto alizikwa siku ileile. Karatasi zetu za utepe huo zilipolinganishwa zilikuwa kama watu wawili wamesikiliza mazungumzo tofauti. Pale nilipoandika amefariji, Klementina aliandika amemkatiza. Nilipoandika ameshauri, yeye aliandika amekemea.

Daktari alituita, akatuuliza kwa upole ni nani aliyesikia vibaya. Klementina alisema anaomba utepe uchezwe tena sote tukiwepo. Nikamtangulia. Nilisema binti huyu bado mdogo, anawaonea wanawake huruma mno, na huruma imemziba sikio. Daktari aliniamini mimi, mtu mzima niliyewahi kusimama mbele ya waumini. Klementina aliondolewa kwenye kazi ya mashine, akarudishwa kugawa dawa. Hakuninunia. Kila asubuhi aliendelea kuniamkia shikamoo, nami nikaitikia huku natazama viatu vyangu.

Wiki iliyofuata Daktari alinipa utepe uleule niuandike neno kwa neno. Hapo sikuwa na safu ya kujificha. Ilibidi niandike kilichosemwa. Mwanamke anasema, “Nilimsikia.” Mimi nasema, “Mungu amempenda zaidi yako.” Anasema, “Lakini nilimsikia, kabla hawajamfun—” Mimi nasema, “Usiseme hivyo, utamkosea Mungu. Mtoto alizaliwa hana uhai. Kubali.” Anajaribu tena, anaanza kwa Kipogoro, labda alidhani nitamwelewa zaidi, na mimi nazidisha sauti. Baada ya hapo anajibu “ndiyo” tu. Kula utakula? Ndiyo. Shambani utakwenda? Ndiyo. Utamsahau? Ndiyo. Siku ile nilitoka chumbani nikamwambia mumewe kwamba mkewe ameanza kupona.

Dada, sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mumewe huyo ni Pantaleo. Mwanamke yule ni Rosa, mwanao. Katika utepe ananiita mjomba, na Daktari alidhani ni heshima tu ya kumwita mtu mzima. Sikumwambia kwamba ni mpwa wangu, kwa maana angenikataza kumtibu, na nilitaka kuonekana ninamweza kila mtu.

Na si hilo tu. Klementina alisikia kwamba nilimkatiza, lakini hakujua kwa nini. Mimi najua. Ulipolala kwangu ukitoka Idete, uliniambia kwamba mtoto alilia. Uliniambia alikuwa dhaifu, akalia kidogo mikononi mwako, kisha akanyamaza, na Rosa alikuwa amezimia kwa kupoteza damu. Ulimwambia alizaliwa mfu kwa sababu uliogopa uchungu utamwua na yeye. Ukaniomba nifunge mdomo. Kwa hiyo Rosa alipokaa mbele yangu akasema alimsikia, mimi peke yangu katika chumba kile nilijua anasema kweli. Nikamfanya mwongo na mkufuru, nikaita hiyo tiba.

Sikuandikii kukulaumu. Wewe ulificha kwa huruma ukiwa na damu mikononi. Mimi nilificha nimekaa kitini, nimevaa shati jeupe.

Juzi nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote, isipokuwa siri yako. Alizitoa karatasi zetu mbili, akazilinganisha upya. Kisha akasema kipimo chake hakikuwa na kasoro, na kwamba hilo linamhuzunisha. Alimwita Klementina, nami nikamwomba msamaha mbele ya wenzake wote. Alisema, “Nimesamehe, baba, lakini yule dada wa Idete je?” Chumba kile nimekirudisha. Sasa nimerudi kwenye vidonda.

Jana nilikwenda Idete. Nilimkuta Rosa amekaa karibu na ghala, kavimba miguu, na mpunga wake umelala shambani. Nilipiga magoti, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtoto, nikamwambia, “Rosa, alilia. Mama yako alimsikia.” Nisamehe kwa kuivunja ahadi bila ruhusa yako. Hakulia wala hakunitukana. Alinishika mkono wa shati, akauliza, “Kwa hiyo sikuota?” Nikamwambia hakuota. Akakaa hivyo hivyo amenishika. Kisha akauliza kama mtoto alitiwa maji ya ubatizo kabla hajanyamaza, na kama alitiwa, alipewa jina gani.

Hayo siyajui. Jioni ile kwangu ulikuwa umeanza kunieleza uliyoyafanya wakati bado anapumua, nami nikakuambia basi, dada, yameshapita, tule. Hata wewe nilikukatiza.

Nakuomba uje. Anayekuletea barua hii ni Theodori, dereva wa lori la mpunga. Anavuka pantoni tena Alhamisi kurudi huku, na amekubali kukuwekea nafasi mbele. Rosa anakungoja. Hajaniambia kama amekasirika, nami sikumuuliza mara mbili. Njoo umweleze yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi nitakaa nje.

Nisalimie shemeji, na wazee wote wanaoniulizia. Yosefina na watoto wanakuamkia. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako, ninayeona haya mbele yako,

Hermenegildi