Pengo la Upande wa Kushoto

Mtaa wa Tenter, Skelbrough
Jumatatu, 24 Januari 1977

Kwa Neville,

Natumaini wewe, Jean na watoto mu wazima. Mimi sijambo, ila goti linanitesa na baridi hii. Mama yako anakohoa na hataki kulala.

Ulinikataza kukanyaga mlangoni pako mpaka nijifunze kufunga mdomo kwenye uwanja wa raga. Sawa, sikanyagi. Lakini hukunikataza kuandika, na kati ya nyumba yako na yangu kuna mitaa miwili tu, kwa hiyo tarishi hatachoka.

Jana nilikaa kwenye lile jukwaa la mbao nikivujiwa na mvua, nikiwatazama mafowadi sita wa Skelbrough mkisukumwa na watu wa Harnley kama mkokoteni mtupu. Kila skramu, kila mlipoinama bega kwa bega kusukumana nao, mlirudi nyuma. Mimi nilicheza safu ya mbele ya timu hii. Tulifungwa, tulivunjwa pua, lakini hatukuwahi kutembea kinyumenyume mbele ya wake zetu. Na upande wenu wa kushoto kuna pengo ambalo hata mimi, na goti hili, ningepita nikiwa na kikombe cha chai mkononi na nisimwage.

Wewe ndiye kapteni. Wewe ndiye wa kuulizwa.

Halafu huyo rafiki yako Dougie Haigh ana nini? Ni mimi niliyemfundisha kukaba mtu na kumwangusha, pale uchochoroni nyuma ya nyumba, baba yake alipofia mgodini na yeye akawa anakula mezani kwetu zaidi kuliko kwao. Siku hizi mwenye mpira akimjia anachelewa na kugeuza uso pembeni. Nilimwita mwoga kwa sauti kubwa kwa sababu nilitaka asikie.

Ni mimi baba yako,
Ellis Barraclough


Mtaa wa Chapel
Jumapili, 30 Januari

Baba,

Shikamoo. Naitoa kwa ajili ya umri wako, usiichukue kwa zaidi ya hapo. Jean na watoto wazima. Mwambie mama dawa ya kifua iko kwangu, aje aichukue.

Dougie alikusikia. Uwanja mzima ulisikia. Alivua jezi na akaenda kwao bila kuoga.

Miaka ishirini sasa hujaingia kwenye skramu. Wewe hujui pengo lile linatoka wapi, na mimi sina wajibu wa kukueleza. Enzi zako mlikuwa mnasukumana na wauza maziwa. Harnley wana mtu mmoja pale mbele mzito kama mlango wa kanisa, na nyuma yake ana ndugu yake aliyemzidi.

Dougie yuko sawa. Usilitaje tena jina lake mbele za watu. Ukitaka kupiga kelele, taja langu, nimelizoea tangu utotoni.

Mwanao,
Neville


Mtaa wa Tenter
Jumanne, 8 Februari

Kwa Neville,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana Jumapili sikuona dalili hiyo. Hapa hatujambo. Mama yako alikuja na dawa na maneno mengi aliyotumwa.

Mmefungwa tena, na tena nyumbani. Tukishushwa daraja, mji huu utabakiwa na kiwanda cha rangi na mvua.

Umeniambia Dougie yuko sawa. Kipindi cha pili baada ya refa kupuliza filimbi, alikwenda kujipanga na watu wa timu pinzani. Ukamshika mkono ukamrudisha kama mtoto aliyepotea sokoni. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi sikucheka. Mtu anayelewa kabla ya mechi hapaswi kuvaa jezi ile, hata awe rafiki wa kapteni.

Mwondoe. Usipomwondoa, nitaandika kwenye gazeti la mji kwa jina langu kamili, na watu wote watalisoma.

Baba yako,
Ellis


Mtaa wa Chapel
Jumamosi, 19 Februari

Baba,

Leo sikuulizi hali. Mama yuko kwangu tangu jana jioni, amekuja na mfuko wake wa nguo, kwa hiyo hali ya nyumbani kwako naijua.

Umefanya ulichosema. Nusu ukurasa, na picha yako ya zamani yenye masharubu. "Mafowadi sita, na mmoja wao anaogopa kivuli cha mpira." Hukumtaja jina, lakini ulitaja safu na upande, na kwenye safu ile upande ule kuna mtu mmoja. Maureen mkewe alilificha gazeti ndani ya kapu la nguo chafu. Dougie akalipata kwa jirani.

Sasa nitakueleza, na baada ya hapo tusijuane.

Dougie halewi. Mwezi wa kumi na moja aligongwa na goti kichwani, pale ugenini, akalala chini muda mrefu. Tangu siku hiyo haoni sawasawa. Anaona mipira miwili, anachagua mmoja. Kuna siku baada ya mazoezi aliniuliza njia ya kwenda kwao. Alinishika kola kwenye chumba cha kuvalia jezi akasema, "Nifikishe mwezi wa tano tu, msimu uishe, Nev. Nikiachia hapa nitabaki kuwa nani?" Tukakubaliana sisi watano, bila kocha Crowther kujua. Mtu akimwelekea Dougie, wawili wetu tunakimbia kumkinga, tunamkaba yule mtu kabla hajafika. Ndiyo maana upande wa kushoto uko wazi. Ndiyo maana tunachoka mapema na skramu zinarudi nyuma. Tunasukuma tukiwa watano, na wa sita tunambeba.

Hao ndio waoga uliowaandika.

Mwanao,
Neville


Mtaa wa Tenter
Jumanne, 22 Februari

Kwa Neville,

Msalimie mama yako. Mwambie jiko linawaka na mimi ninakula.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Ningejua, nisingeandika gazetini. Hilo nimelisema, na sitalisema kwa kupiga magoti.

Lakini wewe na hao wanne wako ni wapumbavu. Mmemchukua mtu mgonjwa wa kichwa mkamficha mahali pekee mji huu ambapo watu wazima wanamkimbilia ili wamwangushe. Mnadhani mtawahi kila mara? Siku mtakapochelewa hatua moja mtamwambia nini Maureen, kwamba alikuwa amewaomba? Na mtoto wako akikuomba wembe utampa. Huo si urafiki. Mlishindwa kumwambia mwanamume mwenzenu neno gumu, mkaona kumkinga ni rahisi zaidi.

Mwambie Crowther kabla ya Jumapili. Usipomwambia wewe nitakwenda mimi.

Baba yako,
Ellis


Mtaa wa Chapel
Alhamisi, 24 Februari

Baba,

Ukienda kwa Crowther, huna mtoto.

Nimejaribu kuongea na Dougie. Jana nilimkuta uani kwake akikimbilia ukuta na gunia la mchanga begani. Nilimwambia apumzike Jumapili hii tu. Akanijibu, "Jumapili hii? Baada ya mzee Ellis kuniandika vile? Jumapili hii hamnikingi. Akija mtu kwangu, mwacheni aje." Hao wengine nao hawataki tena kukinga, wanasema gazeti limewafanya vichekesho mpaka kazini.

Kwa hiyo usinifundishe neno gumu. La kwako tayari linafanya kazi yake.

Neville


Mtaa wa Tenter
Alhamisi, 3 Machi

Mwanangu,

Natumaini mama yako analala. Mimi silali sana.

Nilikwenda. Ulinionya, na nilikwenda. Jumamosi asubuhi nilimkuta Crowther akichora mistari ya chokaa uwanjani. Nikamwambia Dougie ni mgonjwa, macho yake yameharibika, amtoe kwenye timu. Hakuacha kuchora. Alisema, "Ellis, wiki iliyopita uliandika ni mwoga. Wiki hii ni mgonjwa. Wiki ijayo utaniambia amekufa? Umeamua kumwondoa huyu kijana, na mimi sitakusaidia." Nikamwambia akuulize wewe. Akasema amekwisha kukuuliza siku ile gazeti lilipotoka, na ulimjibu kwamba Dougie yuko sawa.

Basi hivyo ndivyo tulivyomfungia mlango, mimi kwa gazeti na wewe kwa mdomo.

Jumapili ulimwona kwa karibu kuliko mimi. Mimi nilikuwa jukwaani. Mpira wa kwanza aliuchukua yeye akaingia katikati ya wale ndugu wawili wa Harnley, waliorudi kwetu kwa mechi ya kombe, wakaanguka wote. Skramu ikasukuma mbele. Pengo likazibika. Nilisimama na goti langu hili. Nililitaja jina lake kwa nguvu zangu zote, na watu wa jukwaani wakasimama pamoja nami wakaliimba. Aligeuka akatazama juu kulikokuwa na kelele. Sijui kama aliniona, au aliona wazee wawili.

Tulikuwa tunashinda aliposhindwa kuinuka.

Mimi ndiye niliyekuwa ninapiga kelele alipokwenda kukaba ile mara ya mwisho. Nijibu, hata kwa matusi.

Baba yako,
Ellis


Mtaa wa Tenter
Jumatatu, 21 Machi

Mwanangu,

Mama yako amerudi nyumbani. Anapika, ananipa sahani, anaangalia dirishani. Kwa hiyo najua wewe na watoto ni wazima, ingawa hujaniandikia.

Nilikwenda hospitali. Nesi aliniambia ni ndugu tu wanaoruhusiwa. Nikamwambia amekula kwangu miaka tisa, akasema hilo si jibu. Nikaenda nyumbani kwa Maureen. Alifungua mlango, akanitazama, akaufunga. Hakuubamiza. Ingekuwa afadhali kama angeubamiza.

Nasikia mafowadi mnasukuma vizuri siku hizi, na kwamba mlishinda tena ugenini. Sijaja uwanjani. Niliandika kwenye gazeti kufuta maneno yangu; mhariri akayaweka chini kabisa, karibu na matangazo ya kuuza njiwa.

Sitakwambia kwamba kosa ni langu peke yangu, maana si kweli na wewe unajua. Lakini la kwangu ninalo.

Baba yako,
Ellis


Mtaa wa Chapel
Jumatatu, 9 Mei

Baba,

Sisi hatujambo. Mama ataendelea kukupa habari zetu kama kawaida.

Timu haikushuka daraja. Jana baada ya mechi ya mwisho watu walitubeba mabegani mpaka barabarani. Niliomba nishushwe. Nimemrudishia Crowther ukapteni na nimemwambia kila kitu, pamoja na uongo wangu. Hakunisemesha tena.

Dougie yuko nyumbani wiki ya tatu sasa. Anatembea akishika ukuta. Mkono wa kulia haumtii, Maureen anamlisha. Mimi nakwenda kila jioni nikitoka kiwandani kumsaidia kupanda ngazi. Ananijua siku nyingi, si siku zote. Ya utotoni anayakumbuka yote. Gazeti halikumbuki. Wala hajui kwamba alikuwa akikingwa.

Jambo moja la Jumapili ile aliyoanguka limebaki kichwani mwake. Kila jioni, nikishamlaza, ananishika shati ananiuliza, "Mzee Ellis alikuwepo? Aliniona?" Namwambia ulikuwepo, ulimwona, ulisimama. Anafurahi sana, Baba. Anafurahi kama mtu aliyepewa kitu. Kesho yake anauliza tena, na mimi namjibu tena, na nikitoka pale nakuchukia upya.

Sikusamehe. Na wewe, sidhani kama umenisamehe. Lakini nimechoka kukujibia. Njoo umjibu mwenyewe. Maureen amekubali, mradi usiingie jikoni kwake wala usimwambie pole. Njoo jioni ya kesho, kisha uje kila jioni, kwa sababu atauliza kila jioni. Ngazi ni nyembamba, itabidi tumshike wawili, mmoja kila upande.

Usinisemeshe. Mshike tu vizuri upande wa kushoto.

Mwanao,
Neville