Rangi ya Ndani ya Ndege

Alhamisi, Machi 1968. Waithaka.

Sasa nitamwambia nini Harbans? Rangi ameshapaka.

Wiki nzima amenisumbua pale ofisini mjini na ndege yake ndogo ya plastiki, ndege ya vita ya Wajapani, anayoiunganisha saa ya chakula cha mchana. "Jotham, wewe ulipigana Burma. Ndani ilikuwa rangi gani? Karatasi ya boksi inasema kijivu, mimi siamini."

Nilichoka naye. Nikamjibu kama shahidi kortini: kijani inayong'aa, yenye bluu kidogo. Nilichungulia mwenyewe ndani ya moja iliyoanguka msituni. Leo akachanganya rangi mpaka nikasema, ndiyo, hiyo hiyo. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili, amefurahi kama mtoto.

Jioni nikapitia buchani. Mwenye bucha alipoinua gunia lililofunika matumbo, nzi wakaruka. Wale wakubwa, wa kijani. Rangi ile ile, inayong'aa, yenye bluu kidogo.

Nimerudi nyumbani bila nyama. Mke wangu aliuliza mara moja tu, akanitazama usoni, akaenda kuchuma sukuma wiki.

Labda siku ile sikuona rangi yoyote. Labda niliona nzi tu, nikaondoka nao kichwani miaka yote hii.

Na Harbans hajamaliza. Wakati tunatoka ofisini alisema kesho nimwambie kiti cha rubani kilikuwa rangi gani.

Kiti sikukiona. Kilikuwa na mtu.