Hodi Bila Sauti

Nyumba ya Kona,
Mtaa wa Kanisani.
Jumapili mchana, 14 Juni.

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Amani ya Bwana iwe nawe huko uliko, wewe na wifi yangu na watoto. Hujambo? Kifua kimepoa? Ulisema baridi ya huko inakukohoza kama mzee, nami nikacheka peke yangu, maana tangu utotoni wewe ukipiga chafya moja nyumba nzima inakosa raha. Vaa sweta, acha ubishi.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba mdogo miguu inamsumbua, lakini mdomo haujambo kabisa. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha dirishani. Pazia linajaa upepo polepole na kulegea, na mchana umetulia hadi nasikia maji yakidondoka bombani. Siku hizi naishi hivi, kama mtu aliyeamka lakini bado hajatoka kitandani.

Katika barua yako umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama sauti imerudi. Haijarudi, mdogo wangu, wala haitarudi. Daktari wa koo amenichungulia tena kwa kile kimrija chake, akaniambia kwa upole kwamba mshipa wa fahamu ulioguswa siku ya upasuaji hautapona. Nilichobaki nacho ni pumzi. Nikiomba chai, watu wanadhani nahema.

La pili umeuliza kama bado nasali. Hilo nimekaa nalo siku kadhaa kabla ya kushika kalamu.

Unajua nilivyokuwa. Nimeimba sauti ya kwanza kwenye kwaya tangu usichana wangu, na kusema kweli sikujua kusali bila kuimba. Basi sauti ilipoondoka nilinuna. Nilimnunia Mungu waziwazi. Niliona amenipa zawadi kisha amekuja kuichukua mwenyewe bila hata kuniambia samahani. Kanisani nikawa nakaa nyuma kabisa, na kwaya ikianza natoka nje kama mtu aliyepigiwa simu. Simu, mimi huyu. Ndotoni tu ndiko nilikoimba. Nilikuwa naota nimesimama katika chumba kisicho na kuta, sauti inatoka yenyewe bila kuisukuma, na watu wote tuliowazika wamekaa wananisikiliza. Nikiamka nakuta mto umelowa.

Sasa, unamkumbuka Fundi, yule mama anayeshona sare za shule, aliyekuwa akiimba sauti ya pili bega kwa bega nami? Alifiwa na binti yake wa pekee wakati mimi niko hospitali. Akina mama wa kanisa wakaenda kumfariji kama ilivyo kawaida yetu: wimbo, neno, maombi, kisha kila mmoja anasema lake. Mmoja akamwambia Mungu alimpenda binti kuliko yeye mama mtu. Mwingine akamwambia ashukuru. Fundi akawatoa wote nje, akasema asimsikie tena mtu akiimba ndani ya nyumba yake. Mwenyekiti wao alirudi kwake na kiatu kimoja.

Baada ya miezi kadhaa wakapanga kujaribu tena, wakaniomba niwepo kwa kuwa nilikuwa rafiki yake. Nilikubali kwa shingo upande. Tulikubaliana tukutane mlangoni kwa Fundi alasiri. Kumbe wenzangu walibadilisha, wakakutana kwanza kwa mwenyekiti, wakawekewa chai, na hakuna aliyekumbuka kuniambia. Mtu asiye na sauti husahaulika upesi, usishangae. Nikajikuta peke yangu mbele ya ule mlango.

Hebu fikiria kupiga hodi bila sauti. Nikagonga. Fundi akauliza ni nani. Nikagonga tena. Akauliza kwa ukali zaidi, nami nahema tu pale nje kama paka aliyefungiwa. Mwishowe akafungua kwa hasira, mkasi mkononi, uso umejaa maneno ya kunifukuza. Akaniona nimeshika koo langu. Sijui alifikiri nini. Alisogea kando, nikaingia.

Sikuwa na wimbo wala neno la kumpa. Palikuwa na rundo la mashati, nikachukua sindano nikaanza kushona vifungo. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Vumbi la nguo lilielea kwenye mwanga wa dirisha, nikaona kama tuko chini ya maji, mahali ambapo hakuna anayetudai lolote. Wenzangu walipofika walichungulia, wakaondoka kimya kimya, na kwa hilo namshukuru mwenyekiti mpaka leo.

Muda mrefu ukapita, halafu Fundi akaanza kuongea. Alinieleza binti alivyokuwa akicheka, alivyougua, mkono wake ulivyokuwa mzito siku ya mwisho. Ningekuwa na sauti yangu ya zamani ningemkatiza, najijua. Ningemwambia jambo zuri, na hilo jambo zuri lingemfunga mdomo. Nilipoinuka kuondoka akaniambia, "Kesho uje. Wewe huniharibii kilio changu."

Nikaenda kesho yake, na siku zilizofuata. Njiani nikagundua ninasali. Wala sikuwa nimepanga. Nilikuwa natembea, pumzi inatoka, na jina la Bwana limo ndani yake. Nikamfikiria sana alivyokuwa kule bustanini kabla ya mateso yake, akiwaomba rafiki zake wakeshe naye. Hakuwaomba hotuba. Aliwaomba wawepo, nao wakasinzia. Nikamwambia, basi, Bwana, hiyo kazi naiweza.

Usinielewe vibaya. Sisemi Mungu aliniondolea sauti ili nikashone vifungo, na mtu akikuambia hivyo kuhusu tabu zako, mwonyeshe mlango. Bado inaniuma. Juzi nilimsikia binti mpya wa sauti ya kwanza, anaimba vizuri mno, nikalia hadi kamasi. Lakini nilidhani maumivu haya ni chumba kitupu, na nilipoingia nikamkuta Yeye amekaa humo, tena hana haraka. Nilipokuwa naimba sikuwahi kumjua hivyo.

Alhamisi iliyopita Fundi alikuwa anapiga pasi, mvuke umejaa chumba, mimi nakunja. Mara akaanza kuimba. Tangu msiba alikuwa hajaimba hata mstari mmoja. Aliimba ile sehemu yake ya pili, chini chini, sauti imekwaruza, wimbo wetu wa asubuhi ya Pasaka. Kuna mahali katika wimbo ule ambapo sauti ya pili hushika noti moja na kuingoja sauti ya kwanza iingie juu yake. Akafika pale, akashika. Akaiweka pasi kando, akaniangalia, anangoja.

Nikafungua mdomo. Ikatoka pumzi, basi. Nikaiimba hiyo pumzi mpaka mwisho wa mstari, machozi yananitiririka, nikijua hakuna kilichosikika chumbani. Fundi alipanda nami, akashuka nami, tukamaliza pamoja.

Akajifuta uso kwa upindo wa shati la mtoto wa watu, akasema, "Umeingia mapema. Kama kawaida yako."

Ndiyo, mdogo wangu. Bado nasali.

Nisalimie wifi, wabusu watoto, na binamu yetu akipita hapo kwako mwambie shangazi anamngoja. Mama mkubwa na baba mdogo wanakusalimu sana. Mungu akufunike, na siku ukikosa maneno ya kumwambia, akae nawe hivyo hivyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kwa pumzi yote niliyo nayo.