Waya wa Mita Kumi na Nane

Kwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba hao wajenzi wa barabara unaowapikia bado wanasifu mkono wako. Mama hajambo, ila goti la kulia linamsumbua. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umenifanya nishike kalamu, kwa sababu kwenye simu ungenichekesha nikaishia kukuuliza habari za hali ya hewa.

Nianze na siku ile mzigo wako ulipofika. Mama alifungua boksi kama anafungua mahari. Paneli ya sola ya kukunja, na betri lenye mpini ambalo mtu analibeba kama kikapu. Kabla ya saa nne majirani watatu walikuwa wamekwisha kuja kuangalia. Mama alilifunika betri kwa kitambaa kile cheupe cha maua ambacho mimi tangu utotoni nimekatazwa kukigusa, akawaambia kwamba sasa cherehani itaendeshwa na jua, umeme wa mtaani ukatike usikatike, na yote ni kazi ya kitinda mimba wake.

Mdogo wangu, nilikuonea wivu hadi mate yakawa machungu. Miaka kumi mimi ndiye ninayetengeneza kila kitu katika nyumba hii. Pasi, swichi, taa ya uani, hata ile mota ndogo ya cherehani niliifunga mimi mama alipoanza kushindwa kukanyaga pedali. Hakuna jirani aliyewahi kuja kuangalia swichi. Nilizoea kujituliza kwa kusema fimbo ya mbali haiui nyoka. Kumbe yako iliua, tena kwa pigo moja.

Jioni ile ukapiga simu ukaniomba nichague waya wa kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri, ukasema fundi ni mimi, wewe unajua sufuria tu. Unakumbuka uani kwetu jua halikai kwa sababu ya ukuta wa jirani. Mahali pekee linapowaka kutwa ni karibu na tangi la maji, na kutoka pale hadi chumba cha mama ni mita kumi na nane. Kibandani kwangu nilikuwa na nyaya za aina mbili, nene na nyembamba. Nikafunga mwembamba. Nilimwambia mama unapinda vizuri kwenye kona na hautamkwaza mlangoni. Akasema sawa, wewe ndiye unayejua.

Kilichofuata umekisikia upande mmoja tu. Hata jua likiwaka namna gani, betri lilifika jioni halijajaa nusu. Kesho yake cherehani ikaenda kwa saa mbili tu, ikazima, na umeme wa mtaani siku hizo ulikuwa haupo kutwa. Sare za shule zilikuwa zimerundikana na wazazi wanakuja kuulizia, basi mama akaivua mota akarudi kwenye pedali. Goti likavimba. Nami nilipita mlangoni nikasema kwamba vitu vya kutumiwa kutoka mbali ndivyo vilivyo, mtu ananunua macho yamefumba. Ulipopiga simu kumwomba mama radhi, na kuahidi kwamba hutakuja likizo, utafanya kazi mwezi mzima ili umtumie paneli kubwa zaidi, simu ilikuwa kwenye spika na mimi nilikuwa nakula. Nikaongeza chakula.

Juma lililopita fundi redio wa ng'ambo ya barabara alileta suruali yake kupunguzwa. Akaufuata ule waya kwa macho kutoka dirishani hadi kwenye tangi, akamwambia mama kwamba kwa umbali ule waya ni mwembamba mno, abadilishe. Mama alimkoromea. Alimwambia waya ule umechaguliwa na binti yake, ambaye kwa miaka kumi mkono wake haujakosea hata mara moja, na kwamba kama kuna kibovu ni paneli, maana mwanawe mpishi anaweza kudanganywa dukani, lakini fundi wake hadanganyiki. Akamrudishia suruali haijashonwa. Kisha akakaa kwenye cherehani, akainua mguu mbovu kwa mikono miwili, akauweka juu ya pedali.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nikipiga pasi. Yale maneno niliyoyangoja miaka kumi, ndiyo hayo.

Ndugu yangu, kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua. Nilijua siku ile ile, waya ukiwa mkononi. Umeme wa paneli ndogo ni mnyonge. Ukiupitisha njia ndefu na nyembamba unaishia njiani, na kila fundi anajua kwamba safari ikiwa ndefu waya unenepe. Ningekuwa namfungia mteja ningechukua mnene bila kufikiri. Nilitaka zawadi yako iaibike. Goti la mama sikulifikiria, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Kesho yake alfajiri, baada ya fundi redio kufukuzwa, nilifunga waya mnene. Kabla ya adhuhuri betri lilijaa tele, na mota imerudi mahali pake. Paneli yako haina kasoro hata chembe. Usinunue nyingine, njoo likizo. Nilidhamiria kumwambia mama, lakini kabla sijafungua kinywa alikuwa amekwisha kuwaita majirani wale wale watatu waje wamwone fundi wake. Nikanywea. Utakapokuja nitasema mbele yako, na nikishindwa sema wewe. Ndani ya bahasha nimekutilia kipande cha ule waya mwembamba, ili usikose ushahidi.

Wasalimie wote kambini. Majirani wanakusalimu. Mama naye anakusalimu sana, na ameniagiza niandike maneno haya kama alivyoyasema: usihuzunike kwamba uliuziwa paneli mbovu, mwanangu, dada yako ameitengeneza.

Ni mimi dada yako,
Kifungua mimba