Pale Ulipounga Hapakuachia

Ochan, afande wangu,

Nakusalimu kutoka Kisugu. Sijui kama huko uliko barua zinafika. Sheikh wetu angenicheka, na padri wako pia. Lakini tumefanya kazi mlango mmoja miaka kumi na saba, na jambo hili siwezi kulibeba bila kukuambia wewe mwenyewe.

Karakana iko vilevile. Mashine yako nimeifunika gunia. Kofia yako ya kuchomelea inaning'inia msumarini na kioo chake chenye ufa. Wateja bado wanaingia wakiuliza, "Hajji, yuko wapi yule mtoto wa barracks?" Na mimi Makka sijaiona. Jina hilo ulinibandika wewe kwa utani, ukaenda ukaniachia.

Nisikuzungushe. Ni ile kazi ya chumba cha baridi cha samaki.

Unakumbuka: rafu ndefu za ukutani, zibebwe na vikono vya chuma. Wewe ulisema tununue chuma kipya. Mimi nikakataa. Nilikuwa na zile chaneli, vyuma vinene vya umbo la mfereji, tulizozing'oa kwenye ghala la zamani karibu na reli, Namuwongo. Nikazipiga kofi kama mtu anayeuza ng'ombe, nikakuambia, "Chuma cha zamani hakina mchezo. Hivi vya siku hizi ni karatasi." Ukaniangalia kidogo. Ukasema, "Haya Hajji, wewe ndiye macho, mimi ni moto tu." Ukaunga.

Tukavijaribu kama kawaida yetu. Kikono kimoja tukakifunga uani, tukaning'inia mimi, wewe na yule jirani mnene wa chapati, tukabembea mbele ya mteja. Wewe ukapiga saluti ukiwa hewani. Hakikupinda hata kidogo. Tukasema kimepita. Tulikipima juani, Ochan, na kazi yake ilikuwa kwenye barafu. Maisha yetu yote chuma tumekiogopea moto na kutu. Baridi, hapa Kampala, nani aliiwaza?

Ijumaa ile wapakizi walipiga simu kwamba rafu ya ndani kabisa inalia, tik, tik. Nilikuwa nimeshatawadha. Nikakuambia, "Tangulia, natoka swala nakukuta." Ukavaa lile koti kubwa la kuazima, ukasema leo unakwenda Ulaya bila pasipoti. Ndiyo maneno yako ya mwisho kwangu. Nilipofika ulikuwa umeshatolewa chini ya rafu iliyoanguka, umelazwa mlangoni, samaki waliogandishwa wametapakaa, na barafu inayeyuka kwenye ndevu zako.

Injinia aliyeletwa kukagua aliniita pembeni. Alisema chuma cha kawaida, hasa kile kinene cha zamani, kikikaa kwenye baridi kali kinapoteza ulaini wake. Kwenye joto kikilemewa kinapinda kwanza, unaona, unakimbia. Kwenye baridi hakikuonyi. Kinapata ufa mdogo tu, basi, kinakatika mara moja kama kigae. Alisema kipo chuma kinachotengenezwa kwa ajili ya baridi. Mtu anatakiwa aulize. Mimi sikuuliza. Nikaangalia palipokatika: vidole vitatu kutoka kwenye mshono wako, kwenye tundu lililotobolewa tangu enzi za lile ghala. Chuma nilichochagua mimi. Pale ulipounga palikuwa pazima.

Niliona, nikanyamaza.

Tulikupeleka kwenu kaskazini. Kaburini kaka yako akasimama, akasema umeuawa na kazi ya mikono yako mwenyewe, wengine wajifunze. Watu wakatikisa vichwa. Mkeo, shemeji yangu Mama Adong, akainamisha uso kama mke wa mwizi. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, nimeshika koleo. Sikufungua mdomo. Na tuliporudi, mtu akiniuliza nani aliziunga zile rafu, nikawa najibu, "Ni marehemu." Si uongo. Ndiyo ubaya wake.

Tangu hapo nikisujudu naona ule mlango wa chumba cha baridi. Fatiha yenyewe, niliyoisoma tangu utoto, inanikwama.

Wiki iliyopita nikashindwa. Nilichukua kipande kilichobaki cha chaneli ileile, nikakikata viwili, kila kimoja nikakitia mkato wa msumeno mahali pamoja. Kimoja nikakilaza siku mbili kwenye friza ya mama muuza samaki. Kingine nikakiacha juu ya bati. Jumapili, walipotoka misa, nikamwita shemeji na kaka yako, ambaye alikuwa amekuja mjini. Cha juani nikakibana kwenye jiriwa, nikakipiga nyundo kubwa: kikapinda kama mtu anayerukuu. Cha friza nikakipiga pigo lilelile. Tak! Nusu yake ikaruka hadi mlangoni.

Kaka yako akasema, "Banange! Jamani!"

Nikawaambia: chuma hiki nilichagua mimi. Ochan alitaka kipya. Na mshono wake huu hapa, uguseni. Injinia alikuwa amenipa kile kipande cha kikono kilichokatika, chenye mshono wako.

Kaka yako alilia. Shemeji hakulia. Alikipakata, akapitisha kidole juu ya mshono wako, vile viwimbi vidogo vilivyolaliana kama magamba ya samaki. Kisha akaniuliza, "Shemeji, pale kaburini ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

Akakifunga kwenye kitenge chake, akainuka, akaondoka nacho. Simu yangu hapokei mpaka leo. Sikumwomba msamaha. Niliogopa angenipa kwa adabu tu.

Vikono vyote vilivyobaki mle ndani nimevishusha mwenyewe, kimoja kimoja, nimevaa lile koti. Kumbe mle hata pumzi inauma.

Kaka yako ameniambia siku ya kukukumbuka itakapofika, watu walewale watakusanyika. Nitakuja, Ochan. Shemeji akinisalimia, akinigeuzia mgongo, nitakuja. Nitasimama palepale niliposimama na koleo, na safari hii nitasema, wasikie hata waliokaa nyuma kabisa, nani alikuwa macho na nani alikuwa moto.

Mungu akulaze pema, afande. Kofia yako haitashuka msumarini.

Mimi,
Hajji wako ambaye hajaiona Makka