Bima ya Pikipiki Yangu

Mwatate,
9 Septemba 2024.
Huu ni mwaka wa sita tangu niondoke Bukhayo.

Kwako Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye mashamba ya katani. Natumaini kifua chako kimepata nafuu na mihogo imeshika vizuri. Mimi napumua, ila mikono imechanwa na miiba. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako anaishika ndugu yangu Oduori, na ninayotaka kusema ni ya masikio yako. Dancan, rafiki yangu wa steji ya bodaboda ya Malaba, atakusomea. Usimkatize.

Unakumbuka ile pikipiki niliyochukua Busia kwa mkopo. Dada wa ofisi ya mkopo alikataa kunipa ufunguo mpaka nikubali bima. Aliniambia, boss, ukiumia wewe lala tu, bima itakulipia deni. Kila wiki nikakatwa pesa ya bima. Trela liliponivunja mguu kwenye foleni ya Malaba, wakageuka, wakasema bima ile ni ya watu wa mshahara, mtu wa boda haimhusu. Deni likanishinda, wakabeba pikipiki, nami nikaja huku na aibu yangu. Habari za bima nikazisahau kabisa.

Mwezi uliopita Dancan alinipigia huku akicheka. Alisema kampuni imeamriwa kuwarudishia pesa wote waliouziwa bima isiyowahusu, kwani mtu wa boda kuuziwa bima ya mshahara ni kipara kuuziwa kitana. Yake ameshapata, amenunua ndama. Mama, nilifurahi. Nikaona nauli ya kuja nyumbani imepatikana, na blanketi lako juu.

Nikapiga simu ofisini kwao. Mwanamume aliyepokea alilitafuta jina langu, kisha akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nikamwambia mimi ndiye Okwara. Akasema Okwara alikufa, na pesa zake alichukua ndugu yake Oduori, aliyekuja na mama mzazi. Nikamwambia anadanganya. Akasema, mzee, huyo mama alilia hapa mpaka tukamnunulia soda.

Pesa Oduori azile, zimshibishe. Lakini ni wewe uliyetufundisha kwamba machozi ya msiba hayamwagwi kwa mtu aliye hai, kwamba yanamwita kaburini. Siku nyingi nilijituliza nikisema Oduori alikudanganya, kwamba ulilia kweli kwa sababu mimi nilinyamaza mno. Ndipo Dancan akaniambia hapakuwa na matanga, wala majirani hawana habari. Na wiki ile ile mliyokwenda ofisini ulikutana naye sokoni Nambale, ukamuuliza kama huku nakula vizuri.

Kwa hiyo ulijua, Mama. Ulijua nakula, ukaenda kunililia.

Sijui kama ni Oduori aliyekusukuma au ni njaa. Utaniambia mwenyewe.

Nisalimie dada yangu Brendah na watoto wake. Oduori sina salamu zake.

Kwetu mtu aliyekwisha kuliliwa haingii boma kama anayetoka sokoni. Mbuzi wa kuchinjwa langoni ili niingie sina, na sitamwomba mtu. Kibarua kinaisha mwisho wa mwezi huu. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mchana, watu wakiwa shambani wanaona. Nitasimama nje ya ua mpaka utoke mwenyewe, uniite kwa jina langu, kwa sauti.

Mwanao,
Okwara.