Sindano Yangu ya Kwanza Babati

Mama, keti kwanza ndipo usome. Leseni imetoka! Cheti changu cha uuguzi cha Kenya sasa kinatambulika Tanzania, na leo hapa Babati nimeachiwa wagonjwa mwenyewe, baada ya miezi ya kutazama tu wenzangu wakifanya kazi.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mzee kutoka Bonga. Nikamwendea na sindano, nimejaa tabasamu: "Habari yako, mama?"

Akauficha mkono ndani ya khanga. "Huko ulikosomea walikufundisha sindano, shikamoo hawakukufundisha?"

Nikaiweka sindano chini, nikainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, choma."

Mama, kwetu Nakuru sijawahi kukuamkia hivyo hata siku moja. Shikamoo, mama yangu. Itikia kwa sauti, majirani wasikie.

Muuguzi wako,
Wanjiru